Yangeyange wangu anatoka wa kijivu, nakosea wapi?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji, naishi Morogoro. Kwa miaka sita nimechora Tingatinga kwenye hadibodi kwa rangi ya mafuta ya kopo. Mwaka huu nimeanza kuchora kadi ndogo za ndege kwa rangi za maji, sentimita 10 kwa 15, maana wageni wengi wanataka kitu chepesi cha kuingia kwenye begi. Chozi na mdiria wananitoka vizuri. Anayenishinda ni yangeyange, hawa wanaofuata ng'ombe malishoni. Nikimpaka rangi nyeupe anakuwa kama ukuta uliopigwa chokaa. Nikimwekea kivuli anakuwa wa kijivu, mchafu, kama kalala jikoni kwenye majivu. Halafu karatasi inajikunja mpaka rangi inatuama kwenye mabonde. Nimekutumia picha za kadi tatu. Naomba unielekeze.

JIBU

Marahaba mwanangu. Kadi zako nimeziangalia kwa muda mrefu. Mkono unao: ile shingo iliyojikunja kati ya mabega ndivyo ilivyo, na vifundo vya miguu umeviweka mahali pake (wengi huviita magoti, wakashangaa mbona goti la ndege linapinda kwa nyuma). Shida yako ni mpangilio wa kazi. Unachora rangi za maji kwa mazoea ya hadibodi.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza uchoraji wake Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya kopo ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, na nyinyi mliomfuata mmeirithi. Ni rangi yenye mwili. Inafunika kilicho chini yake. Kwa hiyo unaanza na mandhari ya nyuma, unaweka mnyama juu, unamalizia na madoa na weupe. Ukikosea unasubiri ikauke, unafunika, hakuna atakayejua.

Rangi ya maji haina mwili wa namna hiyo. Mwanga unapenya ndani yake, unagonga karatasi, unarudi machoni kwako umebeba rangi. Karatasi ndiyo taa. Basi weupe mkubwa kuliko wote unaoweza kuupata kwenye kadi yako ni karatasi yenyewe ikiwa haijaguswa, na kila utakachoweka juu yake kinaupunguza, hata kiwe kimeandikwa "nyeupe" kwenye mrija. Nyeupe ya mrija, iwe ya zinki ambayo imeuzwa kwa wachoraji wa rangi za maji tangu 1834 au ya titani, inauzuia mwanga palepale juu. Ukiiweka jirani na karatasi tupu inafifia na kuwa kama unga. Hiyo ndiyo chokaa unayoiona. Iweke kabatini kwanza, ina kazi yake moja nitakayoitaja baadaye.

Weupe wa yangeyange haupakwi, unaachwa. Unachopaka ni kinachomzunguka.

Hebu nenda upande wa Bwawa la Mindu saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado chini, utafute kundi la ng'ombe. Yangeyange utamwona kwa mbali sana, anawaka. Anawaka kwa sababu nyasi nyuma yake ni nzito na ubavu wa ng'ombe ni mweusi. Sasa mfuatilie huyo huyo anapopaa na kupita mbele ya wingu lenye mwanga: anakuwa kivuli cheusi kinachopiga mbawa. Ndege ni yule yule, kilichobadilika ni nyuma yake. Kwenye kadi zako tatu, nyuma umeweka bluu nyepesi kama maji ya kusuuzia brashi. Uliiogopa. Matokeo yake ndege hana kitu cha kumzidi weupe, ukaanza kumsaidia kwa rangi nyeupe, halafu kwa kivuli, na kila msaada ukamchafua zaidi.

Nakueleza ninavyofanya mimi. Penseli ni HB, na mkono wangu ni mwepesi, mstari wa nje tu, bila manyoya. Penseli iliyokwisha kufunikwa na rangi haifutiki vizuri, na juu ya ndege mweupe kila mstari utaonekana. Halafu nachanganya kijani kwenye sahani nyeupe ya kauri: bluu ya ultramarini, manjano ya udongo ile ya oka, na kidogo ya sienna iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu. Kinatoka kijani kilichopoa, cha malisho yenyewe. Kijani cha moja kwa moja kutoka kwenye mrija kinapiga kelele, nyasi zetu haziko hivyo hata wakati wa masika. Nachanganya nyingi, karibu mara mbili ya ninayofikiri itatosha, kwa sababu ikiisha katikati ya kazi huwezi kuipata tena ile ile, na alama ya kukatikia itabaki.

Karatasi ikiwa kavu, nashika brashi ya mviringo namba 6 yenye ncha nzuri, naanzia kisogoni. Ncha inatembea sambamba na mstari wa penseli, upande wa nje, na kabla ukingo ule haujakauka naivuta rangi kuelekea pembeni mwa kadi. Kisogo, mgongo, mkia: ukingo mkali. Nikifika tumboni, ambako ndege amezama kwenye nyasi, naisuuza brashi, naikamua kwenye kitambaa, napitisha unyevu msafi pale kijani kinapoishia na kukiacha kijifie chenyewe kuelekea kwenye weupe. Kwenye mdomo nazunguka taratibu, kwa sababu mdomo uliokatwa mfupi unamgeuza yangeyange kuwa njiwa. Nikimaliza mzunguko naweka brashi chini, na hapo katikati ya kadi amesimama yangeyange mweupe kabisa ambaye sijamgusa hata tone. Miaka yote hii bado nafurahi kila anapotokea.

Hiyo rangi ya nyuma iweke nzito kuliko moyo wako unavyokubali. Rangi ya maji ikikauka inapauka, na kinachoonekana kimezidi ikiwa mbichi kitakuwa sawa baada ya robo saa. Na ukishaiweka, iache. Ukirudi na brashi yenye maji wakati imekauka nusu, maji mapya yanaisukuma rangi na kuacha doa lenye ukingo, kama chai iliyomwagika juu ya daftari. Kujua kama imekauka kweli, gusa karatasi kwa mgongo wa mkono. Ukisikia ubaridi, unyevu bado umo.

Sasa kivuli, ambacho ndicho kilichokupa kijivu. Kwenye kadi ya pili naona umechanganya nyeusi na nyeupe. Acha kabisa nyeusi kwa ndege huyu. Kivuli juu ya kitu cheupe huchukua rangi ya jirani. Sehemu ya kivuli inayotazama juu inapokea anga, kwa hiyo ina ubluu. Tumbo linatazama chini: malishoni lina ukijani wa manjano, na akisimama kwenye udongo mwekundu utaona chini ya tumbo wekundu hafifu sana, kama wa ndani ya ganda la karanga. Ultramarini na sienna iliyochomwa zinakupa ubluu na wekundu, na ule ukijani utaupata ukitia oka. Zidisha bluu unapopanda, zidisha sienna unaposhuka. Maji yawe mengi. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi hiyo hiyo, si kwenye karatasi ya printa, maana kila karatasi inainywa rangi kivyake.

Kisha fumba macho nusu, uangalie kivuli kina umbo gani. Ni chini ya taya, mkunjo wa shingo, chini ya bawa, na ubavu ulio kinyume na jua. Yaweke maumbo hayo kwa mkupuo mmoja. Tabaka la pili ruhusa, la tatu hapana. Angalau nusu ya mwili ibaki karatasi tupu. Na usichore unyoya mmoja mmoja: ndege wa karibu nusu mita umempunguza mara nane ili aingie kwenye kadi, na kwa umbali huo jicho la mtu halihesabu manyoya. Kwenye chozi ulifanya vizuri kwa sababu rangi zake kali zilikuficha, mweupe hafichi kitu.

Msimu wa kuzaliana utamkuta na rangi ya mchanga wa manjano utosini, kifuani na mgongoni. Hapo lowesha kidogo mahali husika kwa maji masafi, dondosha oka yenye chembe ya sienna, iache isambae. Ukingo wake uwe laini, isionekane kama amevaa kofia. Mdomo na miguu wakati huo huwa na wekundu. Kuna jambo hapa linalohusu heshima ya kazi yako, kwa kuwa unauza. Angalia nyuma ya mrija, kuna alama ya kemikali ya rangi. Nyekundu iliyoandikwa PR83 inapauka kwa mwanga, na mteja wako atakuwa na ndege mwenye miguu iliyofifia ukutani kwake. Tafuta PV19, inadumu. Rangi za watoto wa shule mara nyingi hazina alama yoyote. Kama ndizo ulizo nazo, paka mistari ya kila rangi kwenye kipande, funika nusu kwa karatasi nzito, kiache dirishani penye jua miezi miwili, kisha ufunue. Zilizopauka usiziuzie mtu.

Tena, ukimwona yangeyange mwenye mdomo mweusi, miguu myeusi na nyayo za manjano, huyo ni wa aina nyingine, wa majini. Kadi yako ya tatu ina mdomo mweusi na ng'ombe kando yake. Wageni wanaokuja kutazama ndege wanalijua hilo mara moja.

Utaambiwa ununue ule utomvu wa mpira wa kuzibia karatasi, unaouzwa kwenye kichupa. Kwa ndege mdogo mimi siupendi. Unaacha ukingo mkali pande zote, ndege anaonekana kakatwa kwa mkasi na kubandikwa. Na ukiuacha juani unang'ang'ania, unapoubandua unaondoka na ngozi ya karatasi. Utumie kwa vitu vyembamba tu, kama majani mawili matatu yanayopita mbele ya miguu, na brashi uipake sabuni kwanza la sivyo imekufa.

Ile nyeupe tuliyoiweka kabatini kazi yake ndiyo hii: nukta ya mwanga jichoni, au unywele wa nyasi uliousahau ukaufunika. Wako watakaokuambia hata hiyo ni mwiko. Usiwasikilize. Albrecht Dürer mwaka 1502 alimchora sungura wake, ambaye leo amehifadhiwa jumba la Albertina huko Vienna, kwa kuanza na rangi nyepesi ya maji chini, kisha nywele kwa nywele kwa rangi nzito, nyeupe ikiwemo. Ni picha ya takriban sentimita 25 kwa 23, na manyoya yake yanakushawishi kunyoosha mkono. Alijua tu wapi pa kuiweka.

Kuhusu karatasi, inajikunja kwa sababu nyuzi zilizolowa zinavimba na zilizo kavu zinabaki vile vile. Nunua ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba ukiweza, uikate mwenyewe vipande vya kadi. Hadibodi zako za zamani sasa zimepata kazi: bandika kipande juu yake kwa ile tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi wa magari, pande zote nne, na usiibandue mpaka kadi ikauke kabisa. Kwa saizi yako itatulia, na ukiitoa utakuwa na fremu nyeupe safi bila kuipima. Kama mfuko unabana, fedha iende kwenye karatasi kwanza, brashi moja nzuri ifuate, rangi za mwisho. Mirija minne niliyoitaja, na manjano moja safi ya mdomo, inatosha kabisa.

Masika ikifika, karatasi usiiache wazi. Unyevu unaiharibu ile gundi nyepesi iliyomo, na siku utakayopaka, rangi itazama kwa madoadoa badala ya kukaa juu. Nilipoteza kifurushi kizima hivyo. Tangu hapo naifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Jicho liwe la mwisho. Ni la manjano hafifu, liko karibu kabisa na shina la mdomo, na mboni yake ipate ultramarini na sienna nzito kama uji, kwa brashi namba 2. Ukiliweka mbali kidogo tu na mdomo, ndege anabadilika sura. Mpake wa kwanza kwa utaratibu huu, na kabla hujaliweka jicho nitumie picha, nikuonyeshe nukta yake.