Fani ipi usome kabla ya shule ya sheria Marekani

Ndugu aliyeuliza asome fani ipi kabla ya shule ya sheria yuko mwaka wa kwanza chuoni Marekani, na wazazi wake wanamhimiza asome sayansi ya siasa kwa kuwa anataka uanasheria. Njia hiyo ya kwenda shule ya sheria nimeipita.

Wazazi waelezwe kwanza kwamba kule mtu haingii kusoma sheria akitoka kidato cha sita kama ilivyo kwetu. Humaliza kwanza shahada ya miaka minne katika fani yoyote, ndipo aombe nafasi ya JD, shahada ya sheria, ambayo ni miaka mitatu. Chama cha Wanasheria cha Marekani, kinachoidhinisha shule hizo, hakipendekezi fani yoyote mahususi: Jaji Elena Kagan wa Mahakama ya Juu alisoma historia, na mwenzake Amy Coney Barrett fasihi ya Kiingereza.

Kinachotazamwa zaidi ni matokeo ya LSAT, mtihani wa kuombea shule ya sheria wenye alama 120 hadi 180, pamoja na wastani wa alama zako za chuo, ambao LSAC, shirika linaloendesha mtihani huo, huukokotoa upya kwa kuhesabu kozi zote ulizosoma kabla ya shahada ya kwanza, zikiwemo za chuo kingine ulichopitia. Fani yenye jina kubwa inayokuachia alama za C itakufaa siku ya mahafali tu.

Mimi nilisoma historia. Profesa wangu alitupa kila wiki kurasa nyingi za kusoma na insha fupi ya kuandika, akairudisha imejaa wino mwekundu, akiuliza ushahidi wa kila dai uko wapi. Nilipoanza sheria na kukutana na hukumu ndefu zilizopaswa kusomwa usiku mmoja, mazoea hayo yalinisaidia kuliko kozi yangu ya katiba. Tena, kwa kuwa alizijua kazi zangu, barua ya mapendekezo aliyoniandikia ilikuwa na la kusema.

Hataza, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, ndizo zenye sharti la pekee, kwani mtihani wa kuwakilisha wavumbuzi mbele ya ofisi ya hataza ya Marekani kwa kawaida hudai msingi wa sayansi au uhandisi. Kama unaipenda kemia na unaifaulu, usiiache kwa ajili ya siasa.

Ukiwa bado unasita, muhula ujao chukua kozi ya mantiki katika idara ya falsafa. Tangu Agosti 2024, sehemu mbili kati ya tatu za LSAT zinazohesabiwa alama hupima uchambuzi wa hoja, na vyuo vingi havimlazimishi mwanafunzi kutangaza fani kabla ya mwisho wa mwaka wa pili.