Ukiondoa lantana ukingoni mwa mto, panda papo hapo

Wengi wanaojitolea kuondoa mimea vamizi hupenda kufyeka eneo kubwa kwa mkupuo mmoja. Kando ya mto, nakusihi usifanye hivyo. Nimejitolea kwenye njia ya mtoni katika Msitu wa Karura, Nairobi, na nimeona kuwa ukingo hauachwi wazi bila gharama: mvua za Aprili huusomba udongo, na pale udongo unapobaki, lantana, kichaka vamizi kutoka ng'ambo, huota upya, maana mbegu zake zimejaa ardhini na ndege huleta nyingine.

Kwa hiyo fyeka kipande utakachoweza kukipanda na kukitunza. Pata kwanza ruhusa ya wasimamizi wa msitu, safisha Februari, na miche iingie ardhini masika yanapoanza Machi.

Panga peke yake haliiui lantana. Ukiikata juu, kisiki huchipua na kusongamana kuliko awali. Ichimbue kwa jembe mpaka chini ya pale shina linapokutana na mizizi, tena kabla haijazaa. Matawi usiyaache kwenye udongo wenye unyevu kwa sababu hutoa mizizi. Yarundike juu ya mawe penye jua. Mifugo isiyakaribie, majani yana sumu.

Mkaratusi unataka subira zaidi. Ulipandwa huku enzi za ukoloni kwa ajili ya kuni za injini za reli, na leo mizizi yake ndiyo inayoshikilia kingo. Kata shina, acha kisiki, kisha rudi mara kwa mara kuondoa machipukizi mpaka kiishiwe nguvu. Kufikia hapo miche yako itakuwa imeshika ardhi.

Karibu na maji mimi hupanda mkuyu na mzambarau mwitu. Juu kidogo naweka mukinduri (Croton megalocarpus), kwa kuwa hukua haraka na lantana inahitaji mwanga: kivuli kikifunga, hudhoofika. Muiri (Prunus africana) na muhugu (Brachylaena huillensis) naipa nafasi katikati ya mikinduri. Muhugu hukua polepole mno, lakini ni mti wa asili wa msitu huu na ulikatwa sana kwa ajili ya mbao na vinyago, hivyo siuachi kamwe. Mbegu za muiri zisikae. Zioteshe zikiwa mbichi.

Halafu palilia. Kwa misimu ya mwanzo pita baada ya kila mvua, ung'oe vichipukizi vya lantana kwa mkono vikiwa bado laini, na uondoe nyasi zinazoizonga miche.