Anzia kwenye kidole cha mguu

Wewe uliyeanza kuchora watu juzijuzi, usikimbilie picha zilizokamilika. Hizo ni sebule iliyokwisha kufagiwa. Tafuta michoro ya matayarisho, uingie jikoni.

Mimi nimefaidi zaidi karatasi moja ya Michelangelo, yule msanii wa Italia, iliyoko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Ni ya mwaka 1510 au 1511 hivi, kwa chaki nyekundu, na urefu wake haufiki sentimita 30. Alikuwa akimwandaa Sibila wa Libya, yule nabii wa kike mwenye kitabu kikubwa kwenye dari ya kanisa la Sistina, Vatikani. Utacheka kidogo: mwili alioutazama ni wa mwanamume, mgongo umejaa misuli. Mavazi yalikuja baadaye. Uso ameurudia pembeni, chini kushoto, ukiwa umeanza kulainika.

Sasa teremsha macho. Kidole gumba cha mguu amekichora zaidi ya mara moja. Kidole! Lakini tazama mwili ulivyojipinda, mikono iko juu na kitabu, uzito umeishia kwenye ncha za vidole. Vikilegea hivyo, mama mzima anaporomoka. Basi ukiona msanii amerudia mahali, hapo ndipo palipomsumbua. Alipopitisha mstari mmoja akaondoka, ama anapajua, ama hapahitaji.

Na ubishi huo ilibidi aumalizie kwenye karatasi, kwa kuwa dari ilipakwa rangi lipu ikiwa mbichi. Ikikauka, rangi haizami tena.

Mimi nilikuwa mtu wa raba. Nilimchora dada anayejitwika ndoo, kisigino kikanikatalia, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Mwalimu akalitazama lile tundu, akauliza vile visigino vingine viko wapi. Sikuwa na hata kimoja cha kumwonyesha. Siku hizi kitu kikikataa nakichora tena pembeni, kikubwa zaidi, na kile cha kwanza nakiacha na ubovu wake.

Vasari, mwandishi wa zama zile aliyeandika maisha ya wasanii, anasimulia kwamba Michelangelo, kabla ya kufariki mwaka 1564, alichoma michoro yake mingi ili watu wasione alivyohangaika. Mzee alikuwa na sababu zake. Wewe andika tarehe kwenye kona ya karatasi yako, uiweke.