Unga au askari? Inategemea kinachozuia chakula

Mkuu, umeuliza: nchi yenye fungu dogo la kusaidia nje ipeleke chakula au askari? Mimi naanza na swali jingine: kitu gani kinazuia chakula kumfikia mwenye njaa?

Machi 2023 kimbunga Freddy kilipoipiga kusini mwa Malawi, kilichozuia kilikuwa maji. Sisi wa huku Mbeya, Malawi ni jirani tu. Ukishateremka Tukuyu, Kasumulu ya mpakani hii hapa. Serikali yetu ilipeleka unga wa mahindi na mablanketi, tena wanajeshi ndio waliosaidia kuvifikisha. Pale hakuna cha kuchagua. Unga kwanza, na gharama ya kuusafirisha uihesabu mapema, maana gunia likinyeshewa njiani linaganda kama saruji.

Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, ni habari nyingine. Mji wake wa Palma ulivamiwa na waasi wenye silaha Machi 2021. Ukipeleka lori la mchele bila ulinzi unawalisha wavamizi. Ndiyo maana SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilipeleka kikosi cha askari kuanzia Julai 2021 hadi 2024, na sisi Tanzania tulikuwemo.

Ila ukinibana nichague kimoja bila kujua mahali, nachagua unga. Askari ukishampeleka, kumrudisha ni bajeti nyingine.