Kabla hujamchora kwezi kwenye ukuta wa shule

Kuta nyingi za shule za awali zina ndege, na mara nyingi ni kasuku mwekundu wa Amerika ya Kusini aliyenakiliwa kutoka intanetini. Uani, chini ya ukuta huohuo, kwezi (superb starling), ndege mdogo wa bluu mwenye tumbo la rangi ya kutu, anaokota makombo na hakuna aliyemchora. Anayeishi Arusha, Dodoma au Nairobi ana ndege huyu mlangoni, na ni mzuri kuliko kasuku yeyote wa kunakili. Lakini achorwe sawasawa, mtoto amwone ukutani kisha amtambue mtini.

Kazi huanzia kwenye plasta. Plasta mpya iachwe wiki 4, kwa sababu chokaa iliyomo kwenye saruji hula rangi, hasa bluu na zambarau, na kutoa unga mweupe juu ya mchoro. Ukuta wa zamani ukwanguliwe. Penye ukungu, paka jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 3, subiri robo saa, sugua na suuza. Kisha pima unyevu: bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kilale hapo hadi asubuhi. Ukikuta matone ndani, ukuta bado una maji. Tafuta bomba au mfereji wa paa unaovuja, maana hakuna rangi itakayoshika hapo.

Tumia rangi ya maji ya nje, juu ya praima (rangi ya kwanza ya msingi). Rangi ya mafuta kwenye ukuta unaopumua unyevu huvimba malengelenge na kubanduka vipande vipande. Ukuta wa mita 3 kwa 6 ni mita za mraba 18. Kwa mikono miwili ya rangi ya nyuma, lita 4 hutosha kama plasta ni laini. Ikiwa na mikwaruzo, ongeza lita moja au mbili. Rangi za ndege mwenyewe zipate kwa kukoleza rangi nyeupe, isipokuwa zile zilizokolea sana ambazo ni heri ununue kopo lake. Rangi ya kukolezea isizidi mililita 50 kwa lita. Ikizidi, mchoro haukauki vizuri na ukiugusa unaacha doa mkononi. Tumbo la kwezi lina rangi ya kutu, lakini usichukue ile rangi ya kutu ya kupaka mabati. Ni ya mafuta, haichanganyiki na ya maji.

Kwezi halisi ana urefu wa sentimita 18 hivi. Mchapishe kwenye A4 kwa urefu huohuo, gawa picha kwa miraba ya sentimita 2, na ukutani piga miraba ya sentimita 20. Utapata ndege wa mita 1.8 bila kukisia chochote. Mistari ipigwe kwa chaki. Wino wa kalamu nene hupenya rangi nyepesi hata ukipaka mara tatu.

Sasa alama zake. Kichwa cheusi, mgongo wa bluu yenye ukijani, madoa meusi kwenye bawa, kifua cha bluu, kisha mkanda mwembamba mweupe kabla ya tumbo. Jicho ni jeupe linaloelekea rangi ya krimu. Ukiacha mkanda na kulipaka jicho wekundu, umeshamhama na kumsogelea kwezi mwingine, yule wa Hildebrandt. Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma.

Manyoya yapakwe kama fundi anavyoezeka makuti: anza mkiani, panda kuelekea kichwani, safu ya juu ifunike ya chini. Mng'ao haupatikani kwa rangi ya dhahabu wala ya fedha. Paka bluu iliyokaribia weusi, ikauke, weka bluu-kijani katikati ya kila fungu la manyoya, halafu mstari mwembamba uliopauka upande wa jua tu. Kingo zibaki kali. Ukizifuta kwa brashi iliyolowa, ndege anakuwa kama amevaa kitambaa. Nukta nyeupe ya mwanga jichoni iwe ya mwisho kabisa.

Paka kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, au ukuta ukiwa kivulini. Ukuta wa moto hukausha rangi brashi ikiwa bado inatembea. Miezi ya masika iache ipite.

Sentimita 60 za chini paka mkanda wa rangi ya udongo, kwa sababu mvua hurusha matope na watoto huegemea. Kila rangi uliyochanganya, bakiza kidogo kwenye chupa iliyofungwa vizuri, andika jina la sehemu yake (“tumbo”, “mgongo”) na umwachie mwalimu mkuu. Mwaka ujao kutakuwa na mkwaruzo wa mpira, na rangi ya kubahatisha haitalingana.