RNA polimerezi ya E. coli: zamu ya kuungana protini zake zinaijua zenyewe

Mkuu mleta mada, umesema ulitaka kuunda upya RNA polimerezi, kimeng'enya cha bakteria E. coli kinachonakili DNA kuwa RNA: ukachanganya sehemu zake za protini, alfa, beta na beta praimu, kwenye urea (inayokunjua protini), molekuli sawa kwa sawa, ukamimina yote kwa mpigo kwenye bafa baridi, ukaambulia mashapo meupe na kimeng'enya kisichofanya kazi. Unauliza kama ulipaswa kuzitia moja moja kwa zamu. Hapana, tatizo haliko hapo.

Zamu ipo, ila protini zenyewe ndizo zinazoipanga. Alfa mbili hushikana kwanza. Beta huja kukalia alfa mojawapo, na hapo tu ndipo beta praimu inapopata pa kushika: alfa ya pili, pamoja na ubavu wa beta. Sigma, protini inayokielekeza kimeng'enya pa kuanzia kunakili, huja mwisho na kufunga mlango. Ukitaka kuona jinsi mlolongo huu ulivyo mkali, tazama alfa ambayo asidi amino yake ya 45, arjinini, imegeuzwa kuwa alanini: jozi ya alfa inaundwa vizuri tu, lakini beta haikai, na kila kitu kinakwama hapo. Kwa hiyo changanya zote tatu kwenye chupa moja, bila wasiwasi.

Kilichokuponza kwanza ni uwiano. Pima kwa uzito: alfa mikrogramu 60, beta 300, beta praimu 600. Hizo kubwa mbili, zenye kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 150 na 155, nyingi hujikunja vibaya, kwa hiyo lazima zizidi. Alfa ndiyo iwe chache, na mkia wa histidini (unaonasa kwenye nikeli wakati wa kusafisha) uwe kwake. Alfa ikizidi, utapata vipande nusu-nusu, alfa mbili na beta bila beta praimu, na kwa kuwa navyo vina mkia, vitanasa kwenye nikeli pamoja na kimeng'enya kizima. Kuvitenganisha baadaye ni kazi ya kuchosha.

Pili, kasi. Zikunjue kwa guanidini ya molari 6 (urea iliyokaa hutoa sayaneti inayong'ang'ania laisini, mimi siipendi), punguza hadi jumla ya protini isizidi miligramu 0.5 kwa mililita, kisha tia kwenye mfuko wa utando uliozamishwa kwenye bafa, ili guanidini itoke polepole, na uache usiku kucha kwenye nyuzi 4. Bafa: Tris milimolari 50 ya pH 7.9, KCl 200, magnesi 10, merkaptoethanoli 5, gliseroli asilimia 20, na zinki mikromolari 10. Zinki wengi huisahau. Beta praimu hubeba ioni mbili za zinki, kila moja imeshikwa na sisteini nne. Bila zinki, au sisteini zikioksidika, haijikunji sawasawa.

Tatu, hukuipasha. Kinachotoka kwenye baridi ni kiini kichanga, yaani kimeng'enya bila sigma: kimeungana, lakini hakijaiva. Ongeza sigma 70 (sigma kuu ya E. coli), weka nyuzi 30 kwa dakika 45 hadi 60, halafu zungusha kwenye sentrifuji uondoe mashapo. Mashapo kiasi yasikutie hofu, ni zile beta na beta praimu za ziada.

Kisha pitisha kwenye nikeli na uangalie kwenye jeli, inayotenganisha protini kwa ukubwa. Tumia jeli ya asilimia 6 au 7, la sivyo beta na beta praimu zitaonekana mstari mmoja mnene. Mistari hiyo miwili ilingane kwa rangi, na wa alfa uwe karibu nusu ya mmoja wao, maana alfa mbili zina kilodaltoni 73 tu. Mstari wa beta praimu ukififia, rudi kwenye zinki kabla ya kulaumu kingine.

Omega nayo, sehemu ndogo kabisa ya kimeng'enya, kama uliitia, usiitafute kwenye jeli hiyo: ina kilodaltoni 10, itakuwa imeshatoka chini. Kazi yake ni kusaidia beta praimu ijikunje, na ukiikosa kimeng'enya bado kitafanya kazi.