Pampu ya jakuzi utaifikiaje siku itakapovuja?

Msimamishe huyo fundi leo, kabla hajachanganya saruji. Umeuliza mambo manne: kama jakuzi, yaani beseni la kuogea lenye pampu inayosukuma maji kwa nguvu kupitia matundu, litaenea katika bafu la mita 2 kwa 3 lililo ndani ya chumba chenu cha kulala ghorofani, kama muweke masinki mawili au moja, kama vigae viwe vyeusi au vyeupe, na kama nyumba itapanda thamani. Lakini katikati ya maelezo yako, kama jambo dogo la kupita, umeandika kwamba fundi ameahidi kulizungushia jakuzi ukuta mfupi na kuupiga vigae wote, "ili lionekane kama limeota hapo hapo". Sentensi hiyo niliisoma mara mbili, kisha nikaenda kunywa maji. Mimi nami niliambiwa hivyo, karibu neno kwa neno, na mtu aliyekuwa na penseli nyuma ya sikio, na nikayaona maneno mazuri.

Langu lilikaa kwenye kona, kuta za nyumba pande tatu na ukuta wa fundi upande wa nne. Kwa kuwa bafu linapakana na chumba cha kulala, muuzaji alinishauri kwamba upande wenye pampu uelekezwe ndani kabisa, mbali na kitanda, ili mngurumo usitusumbue. Ushauri huo ulikuwa na akili, lakini ulimaanisha kwamba pampu, hita ndogo ya beseni, nyaya na viungio vyote vya mabomba vilikwenda kukaa mahali ambapo hata paka asingeweza kupenya. Nilipouliza itakuwaje pampu ikiharibika, muuzaji alicheka kwa upole, kama anayemcheka mtoto aliyeuliza jua hulala wapi, akasema pampu hizi haziharibiki. Fundi naye alisema kilango cha ukaguzi kinaharibu sura ya bafu. Alijaza beseni maji, akawasha pampu kwa dakika mbili au tatu, akainama akatazama, akapangusa mikono, kisha akafunga kila kitu kwa matofali na vigae. Mimi nilisimama pembeni nikipiga picha.

Kilichovuja hakikuwa pampu yenyewe bali kiungio kinachopokea bomba la kutolea maji. Pampu hutetemeka inapofanya kazi, na mtetemo huo ulilegeza nati kidogo kidogo hadi mpira wa ndani ukaacha kubana sawasawa. Ubaya wa kiungio cha namna hiyo ni kwamba huvuja zaidi pampu inapowaka, kwa sababu ndipo maji yanaposukumwa kwa nguvu, nawe wakati huo umelala ndani ya beseni, macho umeyafumba na povu liko hadi kidevuni. Ukizima, mvujo unapungua au unakoma kabisa. Sakafu ya bafu ikawa kavu siku zote, na sisi tukaendelea kuoga karibu kila jioni na kuwakaribisha ndugu waje kujaribu. Shemeji yangu mmoja alijaribu akaondoka na taulo letu, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo hasara pekee niliyoijua.

Dalili ya kwanza ilikuwa umeme. Swichi ya kinga, ile ya miliampia 30 inayokata umeme ukianza kuvuja, ilikata mara moja katikati ya kuoga, kisha wiki iliyofuata ikakata tena. Mume wangu aliirudisha mara zote mbili na kusema swichi hiyo ni nyepesi mno kukata. Ninasikitika kukiri kwamba nilikubaliana naye, ingawa swichi ile ilikuwa ndicho kitu pekee ndani ya nyumba kilichosema ukweli: maji yalikuwa yamefika kwenye nyaya. Dalili ya pili ilikuwa doa kwenye dari ya sebule iliyo chini ya bafu, dogo kama sahani ya kikombe, likapakwa rangi; likarudi likiwa kama sinia, likapakwa tena. Tulililaumu bomba la mvua, kisha mfereji wa sinki, kisha paa, ingawa kati ya paa na doa hilo kulikuwa na ghorofa nzima. Hakuna aliyelitaja jakuzi, kwa kuwa lilikuwa jipya na lilikuwa ghali, na kitu ghali mtu hapendi kukishuku.

Mwezi wa saba kipande cha dari kilianguka juu ya kochi. Kwa bahati hapakuwa na mtu.

Fundi bomba niliyemwita, ambaye si yule wa penseli, alikaa bafuni robo saa akigonga vigae kwa kifundo cha kidole, kisha akaniuliza kwa adabu sana: "Mama, huku mnaingilia wapi?" Nikamwambia hakuna pa kuingilia. Akanyamaza, na ukimya wake ulinigharimu zaidi ya maneno yoyote ya muuzaji. Ukuta ule ulivunjwa kwa patasi. Lakini pampu ilikuwa kona ya ndani, kwa hiyo kuvunja ukuta wa mbele hakukutosha. Ilibidi beseni lenyewe ling'olewe, na kwa kuwa kingo zake zilikuwa zimebanwa chini ya vigae vya kutani, safu mbili za vigae ziliondoka pande zote tatu. Katika kung'oa, akriliki, ile plastiki ngumu ya beseni, ikapasuka pembeni. Sakafu chini yake ilikuwa imelowa hadi inabonyea, na ubao uliobeba beseni ulikuwa mweusi kwa ukungu. Vigae vya rangi ile havikupatikana tena, hivyo bafu zima likapigwa vipya. Mpira ulioleta yote hayo una upana wa bangili ya mtoto, na fundi aliubadilisha kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kupika chai.

Kuna jambo jingine ambalo mpaka leo nikilikumbuka ninacheka kwa hasira. Nyuma ya ukuta, ndani ya mfuko wake wa plastiki, kikiwa bado kimebandikwa kwa gundi juu ya mota, tulikuta kitabu cha maelekezo. Fundi wa kwanza alikuwa amekijengea ndani bila kukifungua. Ndani yake, kwa herufi nzito na mchoro wa kumsaidia asiyependa kusoma, mtengenezaji alisema pampu lazima iachiwe nafasi ya kufikiwa kwa matengenezo. Nilimpigia simu muuzaji nikamsomea. Alijibu kwamba ufungaji si kazi yake. Nilipompigia fundi, alisema yeye alifuata matakwa ya mteja. Mteja ni mimi, na kwa kweli nilitaka lionekane kama limeota hapo hapo.

Historia ya kitu chenyewe ilinichoma zaidi nilipoisoma. Candido Jacuzzi, mmoja wa ndugu wa Kiitaliano waliohamia Marekani wakawa watengenezaji wa pampu, alibuni pampu ya kutumbukiza katika beseni la kawaida ili kumpunguzia maumivu mwanawe aliyekuwa na ugonjwa wa viungo. Pampu hiyo iliwekwa majini na kutolewa kwa mkono. Beseni lenye pampu na matundu yaliyojengewa humo humo lilikuja baadaye, mwaka 1968, likaletwa na Roy Jacuzzi wa ukoo huo huo. Beseni langu halikutoka kwao, kwa hiyo sina kesi nao. Ninachosema ni kwamba kitu kilichoanza kama chombo cha kuinuliwa kwa mikono miwili mimi nilikizika kama maiti.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza si ndiyo wala hapana. Mkono wako ukifika kwenye pampu, kwenye kila kiungio na kwenye nyaya bila kuvunja kitu, weka. Usipofika, usiweke, hata ukipewa bure. Katika mita 2 kwa 3, pamoja na choo, sinki na mlango unaofungukia ndani, ninahofu beseni litaishia kwenye kona kama langu. Unazo njia mbili. Ya kwanza ni kuugeuza upande wa pampu uelekee mbele na kuacha kilango kinachofunguka kwa skrubu, kipana kiasi cha kupitisha pampu nzima, si mkono tu. Ya pili ni kutoboa kilango upande wa pili wa ukuta, ndani ya kabati la nguo la chumbani, ambako hakuna atakayekiona. Kama zote mbili haziwezekani, chukua beseni la kawaida, ulale humo, na mtu mwingine akuvurugie maji kwa mguu.

Mengine nitayapitia upesi. Maji ya lita 300 yana uzito wa kilo 300 kabla hamjaingia ninyi wawili, kwa hiyo aliyechora ghorofa yenu aulizwe. Kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 20 hadi 40 kunakula takriban uniti 7 za umeme, na kama tangi lenu linatoa maji ya nyuzi 60, mtahitaji lita 150 za moto kwa kujaza mara moja, kwa hiyo tangi dogo litawaacha na beseni nusu na baridi mgongoni. Maji hubaki ndani ya mabomba baada ya kuoga na kutengeneza utelezi, na bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa mkali wa mapafu, hustawi katika maji ya nyuzi 20 hadi 45. Kwa hiyo mabomba yaoshwe mara kwa mara kwa kujaza beseni kupita matundu, kutia dawa na kuwasha pampu. Msiiwashe kamwe kabla maji hayajafunika matundu.

Masinki, vigae na thamani ya nyumba sijavisahau, nitarudi kuvijibu. Kwanza mwite fundi bafuni, weka tofali mahali pampu itakapokaa, kisha mwambie alale chini aliguse akiwa upande wa nje wa ukuta anaotaka kuujenga. Akianza kukueleza badala ya kulala, niandikie hapa hapa kabla ya jioni.